Tano, Mwalimu

Juzi mjukuu wangu alikuwa barazani akifanya hesabu za aljebra. Akaandika kwamba x ni sawa na hasi tano, kisha akafunua ukurasa mwingine kama si kitu. Mimi mkono uliniuma.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto wa shule, darasa letu lilinuka mbata za nazi zilizoanikwa jirani. Mwalimu aliandika ubaoni: x = 3 − 8.

"Mwanahawa, thamani ya x?"

"Tano, mwalimu."

Bakora ikatua kiganjani. "Ngapi?"

"Tano."

Sasa, kule Baleni nilikosoma Kurani, maalim wetu alikuwa na desturi yake. Ukiisoma aya sawasawa, alikukaripia na kuinua fimbo, aone kama utayumba. Asiyeyumba alisifiwa. Nikadhani na huyu ananijaribu.

Saumu, mwenzangu wa dawati, akaninong'oneza, "Sema hasi, we, utauawa!" Nikamwona ni shetani anayetaka kunipoteza.

"Tano." Bakora ilivuma hewani kabla ya kuunguza. "Tano." Damu ikadondokea daftari. Kidole cha kati kilivunjika kwa mlio wa kijiti kikavu, na bakora nayo ikapasuka.

Mwalimu alikaa chini. "Mbona hubadili jibu, mwanangu?"

"Nimefaulu, mwalimu?"

Alivua shati lake, akanifunga nalo mkono, huku akilia mbele ya darasa zima.

Nilimsamehe siku ile ile, alhamdulillahi. Kilichonichukua miaka ni kukubali kwamba jibu langu halikuwa sahihi.