Kompyuta ya Bei ya Ndama

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani nitawafundisha kompyuta. Mimi hata kuiwasha sijui. Ninachojua ni kukataa kununua kitu leo ambacho kesho lazima ukitupe.

Mjukuu wangu alipotoka jandoni nilimpa mtamba. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo ni mali ya kijana, akiba ya mahari yake, lakini haendi sokoni mpaka aliyemtoa akubali. Mtamba akakua, akazaa dume. Siku tuliyosema huyo ndama auzwe, kijana akaja na lake: anataka kompyuta ya kuchezea gemu, ashindane na wenzake wa Lurambi. Tena ndama peke yake hatoshi. Auzwe pamoja na mama yake.

Kitinda mimba wangu, baba yake mdogo, alicheka mpaka chai ikammwagikia. "Kwa hiyo umeamua kuoa kompyuta? Itakupikia obusuma na mboga?"

"Wewe ulioa, baba mdogo, na bado unakulanga kwa Kukhu," mjukuu akajibu, yaani kwangu mimi nyanya yake.

Nikawanyamazisha wote wawili. Nikasema ndama auzwe, mama abaki, na dukani nitaenda mwenyewe.

Huko mjini kijana alikuwa ameshachagua moja iliyoungwa tayari, inawakawaka rangi kama gari la harusi. Nikamuuliza fundi swali moja tu. "Tukirudi baadaye kuiongezea nguvu, ni nini kitatupwa?"

Fundi akakuna kichwa. "Hii, mama? Pawasaplai itatupwa, umeme wake hautoshi kadi kubwa ya picha. Na madabodi pia, haina nafasi ya kuongeza."

"Sasa hiyo si kujenga nyumba na kuibomoa?"

Akatutolea vipande vingine, akavipanga juu ya kaunta. Madabodi ni ule ubao ambamo vingine vyote huchomekwa. Nikasema pesa iende hapo, na kwa pawasaplai inayogawa umeme. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, tulichukua ile inayoweza kuonyesha picha yenyewe, ili kadi ya picha ingoje. Memori tulinunua kijiti kimoja, nafasi ya cha pili tukaiacha wazi. Kasha lilikuwa kubwa, jeusi, halina taa hata moja. Kijana alilibeba mpaka nyumbani kama anapeleka jeneza.

Kompyuta ilifanya kazi. Gemu zilichezeka, ila picha hazikuwa kali, na wenzake walipokuja hawakumhurumia. "Msee, wachezaji wako wana nyuso za viazi!" Alicheka nao. Walipoondoka hakucheka tena, na chakula akaanza kukichezea kwenye sahani.

Asubuhi moja natoka kukamua, namkuta mtu nisiyemjua uani, ameshamtia yule ng'ombe kamba, anampapasa mgongo. Kitinda mimba wangu amesimama kando anatabasamu. Nikajua mara moja: yeye ndiye aliyemleta mnunuzi, na amekwishaahidiwa chake.

"Ng'ombe anaenda wapi?" nikamuuliza mjukuu.

"Kukhu, ni kadi tu. Tukiweka kadi, kompyuta imekamilika."

"Imekamilika kabisa?"

"Labda na kile kijiti cha pili cha memori."

"Halafu?"

"Halafu... monita. Hii yangu ni ya zamani."

"Na hiyo monita utauza nini uinunue? Baba yako mdogo?"

Mnunuzi akacheka. Mwanangu hakucheka. Mjukuu aliinamisha kichwa, kisha akamtazama ng'ombe, tumbo limeshaanza kujaa ndama mwingine. Mimi sikutaka maneno mengi. Vipande vya kuongeza vilikuwa na nafasi zao, vingengoja. Ng'ombe akishapanda lori harudi.

Nikawaambia wote waliokuwa uani: "Toeni hiyo kamba shingoni. Mgeni apewe chai, aende zake. Na kuanzia leo, katika boma hili kipande cha kompyuta kinanunuliwa kwa pesa ya ndama. Mama yake haguswi."