Siku Ndege Ilipokunywa Munkoyo Wetu

Kesho yake ningeolewa, na nilikuwa nimeapa kutoka kwenye mlango wa mama, si mlango mwingine wowote. Nyumba yake iko nje kidogo ya uwanja wa ndege wa Kamina, na nyasi za paa lake baba aliziezeka kwa mikono yake, mwaka ule alioaga dunia. Basi fikiria nilivyoruka kutoka kwenye kigoda, pale kambi ya jeshi iliyo uwanjani, kwa mke wa sajenti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, nilipoona moto wa nyika unaelekea kule.

Asubuhi hiyo ilikuwa imetua ndege ndogo ya njano, yenye injini moja, ikitafuta mafuta. Rubani alikuwa mgeni anayeipeleka kusini, kwenye kazi yake ya kuzima moto wa misitu. Tangi lake la maji lilikuwa tupu. Nilimshika mkono nikamwonyesha moshi. Akautazama, akautazama na huo ujinga wa kichwani mwangu, akacheka, akafungua kifuniko cha tangi.

Pampu ya kambi ilikuwa mbovu. Wake za wanajeshi wakajipanga mstari toka bombani hadi kwenye ndege, bidoni za njano, madumu ya plastiki, zikapita mkono kwa mkono, na mchumba wangu akapanda juu ya bawa kumimina.

"Harakisha, bwana harusi!" wakampigia kelele. "Ao nguvu unazichunga ya kesho?"

Nilikuwa na hofu, na bado nilicheka hadi machozi. Bidoni zilipita mbio, hakuna aliyeuliza ipi imetoka wapi.

Ndege ikaruka, ikainama juu ya miti, ikaachia mzigo wake. Sisi wote tukakimbia nyuma yake, mimi na nywele zangu za upande mmoja.

Moto ulikuwa umekufa kwenye ukingo wa mihogo. Paa lilikuwa zima, linachuruzika. Mama alisimama uani na tawi la kupigia moto mkononi, amelowa chapachapa, akilamba kidole.

"Hii haiko maji," akasema. Akalamba tena. "Hii njo munkoyo yangu!"

Tukatazamana. Munkoyo wa harusi, kinywaji cha mahindi alichokipika mwenyewe siku mbili, tulikuwa tumeuweka kambini, kando ya bomba, katika bidoni za njano.

Mchumba wangu alijificha nyuma ya jiko. Kwetu mkwe, muko tunavyomwita, humheshimu mama wa mkewe kwa kukaa mbali naye, hata kumtazama usoni ni aibu, na huyu alikuwa amemmwagia kinywaji kutoka angani. Mama naye hakumwita. Aliniambia mimi, kwa sauti ya kusikika hadi mji wa mbali wa Luena:

"Umuambie muko yangu, miye nimekunywa. Kesho bageni batakunywa maji."

Kisha akacheka, akakaa chini kabisa kwenye matope, nami nikakaa pembeni yake nikilia na kucheka.

Wageni walikunywa maji kweli, na walilalamika kweli. Mimi nilitoka kwenye mlango wa mama, kichwa kimesukwa pande zote mbili, nikainama chini ya nyasi za baba, na nyasi zilinukia munkoyo.