Kamodule ka fibre na ndoo ya Maman

Leo niliingia kwa computer mara tatu ndani ya kamodule ka fibre ya internet, na mara tatu kakanifungia mulango!

Ni kale kachuma kadogo kama kidole, kenye kuingia mu router. Natia mot de passe, neno langu la siri, page inafunguka, niko karibu kumaliza réglage, ile mipangilio yake... paf, inakatika.

Nikakimbia salon.

Maman iko mbele ya router, ndoo ya maji pembeni, kamodule mu kitambaa.

"Hii kitu inawaka moto, mwanangu! Ikizidi naichomoa, ikipoa nairudisha."

Nilitaka kupiga makelele. Kisha nikakumbuka nyumba yetu ya Kadutu, vile iliungua juu ya prise moja ya umeme iliyoshika moto.

Nikakashika mwenyewe. Kakanichoma! Nikakaachilia... ndani ya ndoo.

"Sasa imezimika," Maman akasema, akaketi.

Entretien yangu ya kuomba kazi, kwa video, iko leo saa nane. Nani kule Nyawera iko na connexion ya internet aniazime?