Mikorosho Iliyoonewa Huruma

Juzi nilikuwa mgahawani Ruangwa, nakunywa chai. Meza ya jirani walikaa mtafiti kijana na mzee wa kijiji cha Nkowe, mwenye shamba lililofanyiwa majaribio ya dawa ya mikorosho. Mtafiti alikuwa amejishika kichwa. Jarida la kisayansi limemrudishia makala yake, mhakiki anauliza: mbona mikorosho isiyopuliziwa dawa imezaa sawasawa na iliyopuliziwa?

"Mzee, ile mistari miwili ya mikorosho niliyokuomba usiiguse kwa dawa, uliigusa?"

Mzee aliikoroga chai yake kwa muda, ingawa hakuitia sukari.

"Wewe ulikuwa unaondoka, mwanangu. Mimi nabaki. Watu wakitoka msikitini wanapita pale, wanaona mikorosho imekuwa myeupe kwa ugonjwa wa ubwiriunga, wanaulizana kama naumwa. Nikaipulizia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka ikapona."

Chai ilinipalia. Mzee akainama, akanong'ona kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Lakini wewe andika haikupuliziwa. Mimi sisemi."

Mtafiti aliitazama kompyuta yake, kisha akatutazama sisi tulioacha kutafuna.

"Naandika ilipuliziwa," akasema kinyonge. "Msimu ujao naanza upya, kwa mkulima asiyejali kuchekwa."

Mhakiki yule hajawahi kukanyaga Nkowe, lakini alikiona kwenye tarakimu kile ambacho waumini wote walikiona shambani wakampongeza mzee. Namwombea kijana subira. Mkulima asiyejali kuchekwa Nkowe hampati. Watafiti wasiojali kuchekwa, hao wapo tele, na makala zao za "haikupuliziwa" zimeshatoka.