Tulivyomtafuta Dada wa Koko Arusha Chini

Safari hii sikuipenda tangu mwanzo, na niseme mapema ili mtu asije akadhani nilikwenda kutalii. Nilikwenda kwa sababu ya Koko. Koko ni mama yake Elia, mume wangu. Watoto wangu ndio wanaomwita hivyo, yaani bibi, na mimi Mchaga wa Machame nikajikuta namwita hivyohivyo. Mwezi uliopita alimzika kaka yake wa mwisho kule Oldonyo Sambu. Tuliporudi nyumbani Moshono alikaa jikoni, akavua viatu, akasema kama mtu anayeomba chumvi, "Nimebaki na dada yangu tu. Nipelekeni Arusha Chini nikamwone."

Dada! Nimeolewa kwenye nyumba ile miaka nenda rudi, nimepika kwenye misiba yao na vipaimara vyao vyote, sijawahi kusikia habari ya dada. Tukamkalisha, tukamuuliza vizuri. Kumbe anaye, anaitwa Naserian. Alipokuwa msichana alitoroka na kijana aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na ng'ombe hata mmoja hakutolewa. Baba yao akakataza asitajwe tena pale nyumbani. Baba alipokufa, kaka zake wakaendelea kukataza kana kwamba ni shamba walilorithishwa. Sasa kaka wote wamekwisha, na Koko hakujua kama huyo dada mwenyewe bado yu hai.

"Mume wake anaitwa nani?" Elia akauliza.

"Nimesahau."

"Watoto je?"

"Aliondoka hana watoto. Nitawajulia wapi?"

Basi tukawa na jina la msichana mmoja, na kijiji kizima cha kulitafutia. Elia, kama kawaida yake, akaitwa Dodoma kikazi, mzigo ukaniangukia mimi. Akaniambia kwa simu, "Mpeleke tu, mke wangu, hata asipompata roho yake itatulia." Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Dodoma.

Wa kutupeleka alikuwa Godlisten, kijana wa jirani anayeongoza watalii mbugani. Msimu wa mvua wageni wanapungua, kwa hiyo alikuwa ameanzisha safari za siku moja kwa sisi wenyeji. Hii aliiita "Chimbuko la Waarusha": unatoka mjini asubuhi, unatembezwa mji wa kihistoria kando ya mto, unamalizia kwa kuogelea kwenye chemchemi ya maji moto, jioni uko kwako. Nilimweleza habari ya dada mapema kabisa. Akasema, "Hamna shida, mama, tutaiingiza kwenye programu." Hiyo programu niliichukia kabla jua halijapanda.

Tulitoka Moshono alfajiri kwa gari aina ya Noah. Mbele dereva na Godlisten, katikati mimi na Koko, nyuma maharusi wawili wa Olasiti waliooana juzijuzi na bado wanalishana karanga. Koko alivaa shuka jipya na shanga zake zote, na mapajani alipakata kibuyu cha maziwa mgando alichokataa kukiweka chini. Hatujafika hata Tengeru, Godlisten akasimama nusu, akatugeukia, akatabasamu lile tabasamu la kazini.

"Jambo!" akasema.

Maharusi wakaendelea na karanga zao.

"Mkisikia jambo, mnajibu jambo. Tujaribu tena. Jambo!"

"Godlisten," nikamwambia, "mimi nimekuona ukiwa na nepi. Mpe Koko shikamoo yake, halafu ukae chini."

Akacheka kwa aibu, akatoa shikamoo. Koko akamwitikia marahaba, akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia kama kijana huyu anaumwa.

Kufika Usa River tukasimama duka la vinyago. Kwa nini? Kwa sababu Godlisten husimama pale na wageni wake, na gari lenyewe nadhani limezoea kukata kona hapo. Nikamuuliza Mchaga na Mwarusha wanunue kinyago cha Mmasai wakakiweke wapi. "Ni kujinyoosha miguu tu, mama, na choo chao ni kisafi." Maharusi wakashuka kupiga picha na ngao na mikuki. Koko akakataa kushuka. Alikaa na kibuyu chake, macho barabarani, na kila lori lililopita lilimfanya ashtuke kama vile ndilo lililombeba dada yake.

Kutoka hapo hadi Boma Ng'ombe ni matuta na trafiki, trafiki na matuta. Nikatumia muda huo kumuuliza Koko maswali upya. Huyo shemeji alikuwa wa ukoo gani? Akanitajia. Mrefu au mfupi? Mrefu, mwenye pengo, anaimba vizuri kanisani. Alikuwa na ng'ombe? Alikuwa na mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe paji la uso, na baba yake mtamba huyo alikuwa dume la fulani.

"Na jina lake?"

"Nimesahau."

Jamani! Mtu anamkumbuka ng'ombe, anamkumbuka na baba wa ng'ombe, shemeji amemsahau! Nikajiambia ni uzee, nivumilie. Nikavumilia mpaka Moshi, uvumilivu wangu ukaishia hapo.

Moshi tukakata kulia kushuka kusini, na joto likaanza. Miwa huku, miwa kule. Godlisten akashika kipaza sauti, katika gari la watu sita, akatusimulia jinsi Waarusha wa mlimani Meru walivyotoka huku chini, jinsi misafara ya zamani ilivyopumzika kando ya mto na kununua chakula kwa wenyeji. Alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Ila kila mwisho wa sentensi aliuliza, "Tuko pamoja?" mpaka bwana harusi naye akachoka kuitikia.

Saa nne hivi tukaingia Arusha Chini. Bibi harusi akachungulia dirishani. "Mji wa kihistoria uko wapi?"

"Ndio huu," Godlisten akasema.

Palikuwa na maduka machache, kiwanja cha mpira, msikiti, kanisa, minazi, mbuzi, na vumbi, maana mvua huku ilikuwa haijafika, linaloingia mpaka kwenye meno. Mto ulikuwa mzuri, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na miti mikubwa ukingoni. Ubao ulituonya tusiukaribie kwa sababu ya mamba. Historia hapo iko ardhini na vinywani mwa watu, si kitu cha kupiga nacho picha. Maharusi walinuna waziwazi. Godlisten akatazama saa, akatangaza kwamba tuna muda mfupi wa mto, kisha chakula, kisha maji moto.

"Na dada?" nikamuuliza.

"Tutauliza tukiwa tunatembea, mama."

Tukauliza tukitembea. Fundi baiskeli hamjui Naserian. Vijana wa bodaboda hawamjui. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo alifikiri sana, akasema alikuwepo Naserian, lakini huyo ana miaka sita na yuko shuleni. Koko alitembea nyuma yetu na kibuyu chake, na kila tulipojibiwa "hapana" alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa amejua tangu mwanzo. Nilianza kuogopa. Kumrudisha Moshono bila jibu lolote ilikuwa ni kumzika dada yake sisi wenyewe.

Tukaishia kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza vitumbua na soda. Jina lake Mama Zuhura, Mpare, mchangamfu, amezaliwa palepale. Huyu alitukalisha kwenye benchi, akamwamkia Koko kwa adabu, akafanya kazi yake kama hakimu.

"Huyo Naserian ni mama nani?"

"Hatujui," nikasema.

"Ahaa. Dada yangu, utamtafuta mpaka kesho. Mwanamke akishazaa hapa, jina la usichana nani analo tena? Mimi mwenyewe ukiniulizia kwa jina langu, mume wangu atasema hanijui." Akamgeukia Koko. "Basi tuambie mume wake, bibi. Wanaume ndio wanaobaki na majina yao."

Koko akatazama chini.

"Bibi, muda unakwenda," Godlisten akasema.

Koko akavuta shuka mdomoni. Akasema polepole, "Ni yule wa Injili ya nne."

"Mimi Mwislamu, bibi," Mama Zuhura akamjibu kwa upole. "Za nne na za tano sizifahamu."

Nikaganda na kitumbua mkononi. Nyumbani tuna utani wa siku nyingi. Koko akihesabu Injili anasema Mathayo, Marko, Luka, na ile nyingine. Ya nne haitaji kwa jina, kwa sababu ndilo jina la marehemu mumewe, na yeye ni wa wale wanawake wa zamani ambao jina la mume halipiti mdomoni mwao, awe hai au amekufa. Watoto wanamchokoza nalo kila Krismasi. Sasa nikaelewa. Hakusahau hata siku moja! Dada wawili wameolewa na wanaume wenye jina moja!

"Yohana!" nikapiga kelele, kwa hasira zote nilizobeba toka Moshono. "Anaitwa Yohana!"

Koko akajifunika uso. Mama Zuhura akapiga makofi.

"Mzee Yohana? Yule marehemu aliyekuwa anaongoza kwaya? Si mngesema! Mke wake ni Mama Lekishoni. Nimetoka kuonana naye asubuhi, kanunua vitumbua hapahapa. Ile nyumba ya bati jekundu, mnaiona?"

Tuliiona. Tulikuwa tumeipita mara mbili.

"Koko," nikamwambia, "ulijua. Toka nyumbani ulijua!"

"Kujua nilijua. Kusema sasa, ningesemaje?"

"Ungeninong'oneza! Ungemwambia Elia!"

"Nimtajie mtoto jina la baba yake?" Alinitazama kama mimi ndiye niliyepungukiwa akili.

Kwenye nyumba ya bati jekundu alikuwepo kikongwe amekaa kigodani anachambua mchicha. Koko akasimama getini, hakubisha hodi, akaita tu, "Naserian." Yule mama aliinua kichwa taratibu sana. Nadhani hakuna aliyemwita hivyo tangu aondoke kwao. Mchicha ukamwagika. Hawakukimbiliana. Walishikana mikono, wakapapasana nyuso, kisha dada mtu akakipokea kibuyu, akakinusa, akakigombeza: maziwa yamekaa sana juani. Wakaanza kubishana palepale kwa Kiarusha.

Kiarusha changu ni cha kuombea chumvi, lakini mjukuu aliyekuwepo alinitafsiria. Mama Lekishoni aliuliza kwa nini hakutafutwa. Koko akajibu kwamba alikuwa anawauliza wauza samaki wa huku kila wanapopandisha Arusha, na wao walimuuliza, mke wa nani? Akawa ananyamaza. Dada yake akasema na yeye alikuja Arusha, zaidi ya mara moja. Kwao Oldonyo Sambu asingethubutu kukanyaga, kwa hiyo alikaa sokoni Kilombero, palepale mjini, akiwauliza wanawake wa Kiarusha habari za Nashipai, ndilo jina la Koko la usichana. Wakamuuliza, mke wa nani? Alijua mdogo wake ameolewa na nani, habari zilimfika. Lakini lilikuwa ndilo jina la mume wake mwenyewe. Akanyamaza, akapanda basi, akarudi.

Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyetamani kupiga ukuta teke. Wanawake wawili wazima, jina moja, na kila mmoja analimeza upande wake! Nilitaka kuwagombeza na sikupata wa kuanza naye.

Mchana, Godlisten akaja getini na maboksi yake ya chakula, yai moja na ndizi, kutukumbusha maji moto. Nilimtolea macho. "Nendeni mkaogelee. Sisi mtatupitia jioni." Akafungua mdomo ataje programu, akawaona wale wawili wamekaa mkeka mmoja, akaufunga. Akavua kofia, akawaamkia wote wawili, kila mmoja shikamoo yake, akaenda.

Jioni gari liliporudi, waliagana mara moja tu, pale getini. Koko akamshika dada yake bega, akamwambia kwa Kiswahili, labda ili na sisi tuwe mashahidi, "Mimi ni Mama Elia. Nakaa Moshono. Ukifika uliza Mama Elia." Mama Lekishoni akarudia, "Mama Elia. Moshono." Gari likaondoka bado anarudia, tukiona midomo yake inacheza.

Maharusi walilala mara tu tulipoingia lami, nywele zao bado mbichi. Mtu akiniuliza nimejifunza nini, nitamwambia ukitumwa kumtafuta mtu, muulize kwanza anayekutuma ni nini kinachomshinda kusema, na usikubali neno "nimesahau" kutoka kwa mtu anayekumbuka ng'ombe. Hayo nilikuwa nayawaza, bado nimekasirika, tulipoanza kuona taa za mjini. Koko akanigusa mkono.

"Ndiyo Arusha hii?"

"Ndiyo hii, Koko. Tumefika."

Akatazama nje, akanitazama mimi. "Kumbe si mbali."

"Si mbali," nikamjibu. "Mabasi yapo kila siku."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kile kilio alichokataa kulia msibani kwa kaka yake. Nikamwambia dereva apunguze mwendo, na nikamshika mpaka tulipofika nyumbani.