Mama Kifuniko na Ndoo ya Bluu

Wifi yangu hana umbo la kutisha wala sauti ya kutisha. Ukimkuta nyumbani anasonya kwa sababu ya soksi za kaka yangu zilizotupwa chini ya kiti, utadhani vita vyake maishani ni vya soksi tu. Kiwandani kwetu tunamwita Mama Kifuniko. Nitakueleza jina hilo lilitoka wapi, na wala simvishi kilemba cha ukoka. Mimi ni wifi yake, na kumsifu wifi si kazi ninayoifanya kila siku.

Kabla ya kuolewa na kaka yangu alikuwa mpishi katika jiko la shule ya bweni. Siku moja karai la mafuta ya kukaangia lilishika moto, na mwenzake, kwa nia njema kabisa, akalimwagia jagi la maji. Moto uliruka hadi darini. Yule mwenzake alipona, lakini uso wake haukurudi kuwa ule aliozaliwa nao. Wifi alitoka na kovu shingoni, na tangu hapo habandiki chungu motoni kabla hajajua kifuniko chake kiko wapi.

Kiwanda chetu kinatengeneza mishumaa. Si kikubwa. Kuna chumba cha matangi ya kuyeyushia nta, chumba cha kalibu za kumiminia nta, chumba cha kufungia ambamo mimi napanga mishumaa kwenye makasha, na ua wenye bomba la maji. Kaka yangu ndiye mkuu wa matangi. Ananusa nta na kukwambia imefikia wapi bila kutazama kipimajoto. Anajijua kwamba anaweza, na anataka nawe ujue.

Sasa, sisi watu wa nta tuna mazoea yetu. Nta ikimwagika sakafuni hatushtuki. Unachukua ndoo ya maji baridi, unamwaga, nta inaganda papo hapo, unaibandua vipande vipande, unaifuta na kuirudisha kwenye gunia. Hakuna hasara. Ndiyo maana kando ya tangi kubwa palikaa ndoo ya bluu imejaa maji, na kila mmoja wetu angeweza kuifikia hata akiwa amefumba macho.

Watu wa zimamoto walipokuja kutufundisha, walitaka mmoja wetu awe msimamizi wa mambo ya hatari. Wote tukaanza kutazama viatu vyetu. Wifi, ambaye wakati huo alikuwa mfanyakazi wa chumba cha kalibu, akanyoosha mkono. Jambo la kwanza alilofanya ni kuitoa ndoo ile nje.

"Maji ni ya mtu, mchanga ni wa nta," alituambia. "Mtu akiungua, mpelekeni bombani. Nta ikiwaka, zima umeme, funika, mwaga mchanga, toka nje. Maji yakigusa nta inayowaka, yanageuka mvuke na kuirusha nta yote juu na moto wake."

Akaweka pipa la mchanga mlangoni. Akaagiza vifuniko vya chuma vyenye mishikio mirefu, na mitungi ya unga wa kuzimia moto ikatundikwa ukutani. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, alikuuliza, "Kifuniko kiko wapi?" Jina likamganda.

Kaka hakupendezwa. Nta iliyochanganyika na mchanga haitengenezi mshumaa, na yeye ndiye aliyeulizwa nta imekwenda wapi. Mimi nilikuwepo kwao siku walipolumbana.

"Humu ndani nakusikiliza," kaka alisema. "Lakini kule mkuu ni mimi. Nta haiwaki hovyo. Nimeipika tangu sina ndevu."

"Haijawaka bado, baba watoto."

"Kwani ndoo imekukosea nini?"

"Siku itakapowaka, mkono wako utaikimbilia ndoo kabla kichwa hakijafika. Sitaki kuwa mjane kwa sababu ya ndoo."

Kaka alicheka sana. Wifi hakucheka. Aliondoa sahani mezani kabla kaka hajamaliza kula, nikajua kwamba huyu mwanamke haogopi moto. Anaogopa kumzika kaka yangu.

Basi ikawa mchezo wa paka na panya. Wifi anaitoa ndoo, kaka anairudisha na kuificha nyuma ya magunia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakutuambia tufanye nini mkuu mwenyewe akiwa ndiye asiyesikia.

Ikafika siku yenyewe. Tulikuwa tumetoka kula mchana. Kile kifaa kinachozima hita joto likifika kiwango chake kiligoma, na nta ya tangi kubwa ikaendelea kupanda joto. Koki ya chini nayo ilikuwa inavuja, hivyo nta ilitiririka sakafuni taratibu. Kaka alikuwa chumba cha kalibu akigombana na mtu juu ya tambi za mishumaa. Aliposikia harufu alitoka mbio, na wakati huo huo mdomo wa tangi ukawaka, moto ukashuka hadi kwenye nta ya sakafuni.

Nilifika mlangoni nikaona mgongo wa kaka yangu. Ndoo ya bluu ilikuwa mikononi mwake, ameinyanyua usawa wa kifua, anaukabili moto.

"Maji hapana!" wifi alipiga kelele nyuma yake.

Hakusikia. Wifi hakurudia. Alimfuata kwa hatua ndefu, akamshika bega, akampiga mtama.

Nakuapia, kaka yangu yule mnene alikwenda chini mzima mzima. Ndoo iliruka ikabingirika mlangoni, maji yakakimbilia uani. Lakini kiasi kidogo, hata kikombe hakijai, kiliangukia nta inayowaka. Kulitokea mshindo, na moto ukasimama mpaka kwenye bati. Matone ya nta yaliruka huku na huku, moja likatua kwenye mkono wa kaka. Tulitazamana. Kama kikombe kimefanya vile, ndoo nzima ingefanya nini?

"Wifi, swichi kuu!" mke wa kaka aliniambia. Ndiyo kwanza nikakumbuka kuwa nina miguu. Nilikimbia nje nikaivuta chini.

"Wewe, bombani! Mkono ndani ya maji, na usiibandue hiyo nta!" Hilo lilikuwa la mumewe. Mkuu wa matangi aliinuka akaenda kama alivyotumwa.

Wengine wakachota mchanga kwa koleo, wakajenga tuta ili nta isifike kwenye mfereji, halafu wakaifunika kuanzia ukingoni, polepole, bila kuutupia moto kwa nguvu. Aliyekuwa na mtungi akapuliza unga. Wifi alichukua kifuniko kwa mshikio wake mrefu, akakiweka mbele yake kama ngao, akakisukuma juu ya tangi kutoka upande wake hadi upande wa pili. Moto ukalia kidogo chini ya chuma, kisha ukanyamaza.

"Nje wote!"

Alitoka wa mwisho. Alituhesabu kwa kidole kama kuku, akatuhesabu tena. Kaka, mkono ukiwa bado bombani, alisema, "Nikafunue kidogo tu nione kama umezimika."

"Thubutu!"

Hakuthubutu. Nta ile ilikuwa bado na joto la kuwaka tena ikipata hewa, na sasa hata yeye alilijua hilo.

Zimamoto walipofika walikagua, wakasubiri tangi lipoe. Mkubwa wao akauliza nani amefunika. Vidole vyote vikamwelekea mwanamke aliyejaa masizi, kilemba kimemshuka sikioni. Yule bwana alikaza mwili, akampigia saluti. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Kiwanda hakikuungua, watu wote wapo, na wifi yangu amepigiwa saluti! Kama kuna siku nimeringa maishani, ni hiyo.

Kazi iliporudi, kaka alituita uani. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji.

"Najua mnachonong'ona," alisema. "Mke wangu amenipiga mtama mbele yenu wote. Chekeni. Na mimi nacheka, maana bado nina uso wa kuchekea."

Wifi aliinamisha kichwa, akajishika lile kovu la shingoni. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Kisha kaka aliingia chumba cha matangi akiwa amebeba ndoo ile ile ya bluu. Tulishtuka. Aliiweka pale pale ilipokaa siku zote, kando ya tangi kubwa. Ilikuwa imejaa mchanga. Wifi alipenya katikati yetu, akachota kidogo na kuusugua kwa vidole aone kama una unyevu.

"Mkavu," alisema. "Na kifuniko kiko wapi?"

Kaka yangu alikionyesha kwa kidole bila kugeuka.