Nyapara na Tramu Yake Kilimani

Jamani, leo nyapara wetu kapanda tramu, ikamrudisha kinyumenyume!

Tramu yenyewe ni kile kitoroli cha reli cha kubebea mawe ya dhahabu hapa mgodini Geita. Kakiwekea kiti, kavaa helmeti, basi anajiona yuko mjini Bombei. Injini ni sisi wanne, tunasukuma.

Asubuhi katufokea: "Washamba nyie! Mkikutana na mkubwa, acheni kila kitu, msalimieni kwa mikono miwili!"

Haya, baba. Tumesikia.

Tukamsukuma kupanda kilima, jasho linatutoka, yeye anajipepea.

Karibu na kilele, huyo Bibi Kabula anateremka na kikapu chake cha karanga. Mvi kichwa kizima.

Sasa mkubwa si ndiye huyo? Nyie mngefanyaje?

Tukaachia kitoroli sote, tukainama, tukamsalimia Kisukuma kwa mikono miwili: "Mwangaluka, mayu!"

Bibi akaitikia taratibu. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe.

Nyuma yetu yowe linazidi kwenda mbali, mpaka kwenye lundo la mchanga, puu!

Bibi akatazama kule bondeni, akasonya.

"Na yule mbona kaondoka bila kunisalimia? Kwao hawakumfunza adabu?"